Neno Moja, Hadhira Tatu

Je, wimbo wa uzinduzi unaweza kutumia tusi la ubaguzi kumwinua yule yule aliyetukanwa? Swali hili linaibuka katika albamu ya Kendrick Lamar, To Pimp a Butterfly, ya mwaka 2015.

Tusi lenyewe ni lile walilobandikwa Wamarekani Weusi enzi za utumwa, ambalo baadhi yao wameligeuza kuwa namna ya kuitana ndugu. Katika wimbo "i", kama ulivyo kwenye albamu, Lamar anajifanya yuko jukwaani. Ugomvi unazuka kwenye hadhira, muziki unakatika, naye anazungumza bila ala. Analihusisha tusi hilo na "negus", neno la Kihabeshi lenye maana ya mfalme. Kiisimu hoja hiyo haisimami, kwani asili ya tusi ni neno la Kilatini linalotaja weusi. Kisanaa inafaulu: msikilizaji analazimika kusita mbele ya neno alilozoea kulipita tu.

Kasoro ni kwamba kusita huko hakusafiri na muziki. Mei 2018, kwenye tamasha huko Alabama, Lamar alimpandisha jukwaani shabiki mzungu. Shabiki alipoimba wimbo wa awali wa Lamar bila kuliruka neno lile, hadhira ilizomea, naye Lamar akamkatiza. Wengi walimlaumu shabiki. Mimi naona lawama inagawanyika, maana aliyemwalika aimbe ndiye aliyeliweka neno humo.

Nasi tunaosikiliza Kampala je? Sisi ni hadhira ya tatu. Hakuna wa kutuzomea, kwa kuwa rangi yetu inaturuhusu. Basi tunaliimba kwenye disko na kuitana hivyo bwenini, kana kwamba ni "ndugu" tu. Tumelipokea neno bila kidonda chake. Fanani alikusudia kutuzindua. Sisi tumezoea jina lililotungwa na mwenye mjeledi.

Mwaka 1979 mchekeshaji Mmarekani Mweusi, Richard Pryor, aliyelitumia sana neno hilo jukwaani, alizuru Kenya. Alirudi kwao ameapa kuliacha, kwa sababu alipotazama watu wa huku hakumwona hata mmoja anayestahili kuitwa hivyo. Angekuja leo, angelisikia vinywani mwetu.