Mti Mbichi Ndani ya Shaba Iliyoyeyuka

Swansea, huko Wales, ulikuwa mji mkuu wa uyeyushaji wa shaba duniani kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Mafundi wake walikuwa na desturi moja ya ajabu: shaba ikikaribia kumiminwa, walitumbukiza gogo la mti mbichi tanuruni, na shaba ikatibuka kwa mvuke na moshi. Gogo hilo lilikuja kuondoa oksijeni ambayo wao wenyewe walikuwa wameiingiza.

Waliiingiza kwa sababu shaba ghafi huwa na salfa, chuma na uchafu mwingine. Hewa ikiipata shaba iliyoyeyuka, molekuli za oksijeni hugawanyika na atomu zake huyeyuka humo. Salfa huungua ikatoka kama gesi. Chuma, ambacho huishika oksijeni kwa nguvu kuliko shaba, hugeuka oksidi, kikaelea na kukwanguliwa. Lakini uchafu ukiisha, oksijeni iliyobaki huweza kupita asilimia 0.5.

Madhara yake huonekana shaba inapoganda. Shaba ya majimaji hubeba oksijeni nyingi, ngumu karibu haibebi kabisa. Inayokataliwa hujitenga kama oksidi ya shaba, na kwa kuwa kila gramu ya oksijeni hushika gramu 8 hivi za shaba, ile asilimia 0.5 huzaa asilimia 4.5 ya oksidi. Shaba ya namna hiyo hukatika ikivutwa kuwa waya.

Mti mbichi ukiungua hutoa haidrojeni na kaboni monoksidi, na gesi hizi huinyang'anya shaba oksijeni. Hapo ndipo ulipo mtego. Kadiri oksijeni inavyopungua, ndivyo haidrojeni inavyopata nafasi ya kuyeyuka. Shaba ikiganda, hizo mbili hukutana, zikawa mvuke, na mvuke ukaacha matundu. Fundi hakutafuta sifuri, alitafuta mizani.

Aliipima kwa macho. Alichota shaba kidogo, akaiacha igande kwenye kalibu ndogo. Uso ukibonyea, oksijeni bado ni nyingi. Ukivimba, gogo limekaa kupita kiasi na haidrojeni imezidi. Ukilala sawa, viputo vichache vya mvuke vimefidia kusinyaa kwa shaba, na wakati wa kumimina umefika. Kwa shaba ya nyaya za umeme, hapo ni oksijeni ya asilimia 0.02 hadi 0.05.

Siku hizi viwanda vingi hutumia gesi badala ya magogo, na kipimo cha zirkonia husoma oksijeni kwa volti. Fosforasi nayo huimaliza oksijeni kabisa, na mabomba ya maji hutengenezwa hivyo, ila masalia yake hupunguza uwezo wa shaba kupitisha umeme. Oksijeni kidogo iliyoachwa hufanya kinyume: huushika uchafu uliosalia kama oksidi, ukakaa nje ya fuwele za shaba na kuuachia umeme njia.

Hata hivyo, shaba hiyo ya umeme ikipashwa moto mkali penye haidrojeni, gesi hupenya, hugusa oksidi, na mvuke unaozaliwa huipasua kutoka ndani. Kwa hiyo anayenunua shaba ya kuchomelea asiridhike kuambiwa ni safi kwa asilimia 99.9, aulize pia imebaki na oksijeni kiasi gani.