Nyungu Hii Imefinyangwa na Nani?

Anayenunua nyungu kuukuu yenye kikaratasi kilichoandikwa "Nyangwe" hupenda kuamini kwamba amekwisha kumpata mfinyanzi, au walau kijiji chake. Bado. Nyangwe, mji wa Maniema ng'ambo ya mashariki ya mto Lualaba, ulivuma karne ya 19 kwa soko lake, na sokoni hukutana kazi za mikono mingi. Msafiri David Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1871, aliandika jinsi wauzaji walivyogonga nyungu zao pande zote zilie, mnunuzi asikie kwamba hazina ufa. Alinunua vyombo viwili vya udongo, kila kimoja cha kama galoni moja, kwa uzi mmoja wa shanga, akastaajabia mviringo wake uliopatikana bila mashine yoyote. Akaona pia wanawake wakizibeba kwa wingi, mzigo umefungwa mabegani na kwenye paji la uso. Bidhaa inayobebwa namna hiyo imetoka mbali kidogo na inapouzwa, na watu wa soko lile walikuja kutoka kingo zote mbili za mto. Kikaratasi, basi, kinataja mahali pa kununuliwa tu.

Wengi hukimbilia nakshi. Kwangu nakshi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote, kwa kuwa iko machoni pa kila mtu: mfinyanzi huiona kwa jirani akaiga, mnunuzi huiomba, na kizazi kinachofuata huiacha. Olivier Gosselain, aliyechunguza wafinyanzi wa Kamerun, alionyesha kwamba nakshi husafiri kwa wepesi, lakini namna ya kuinua chombo, ambayo msichana hujifunza kwa mama au shangazi, hung'ang'ania mkononi na hufuatana zaidi na lugha na ukoo. Kamerun si Maniema, ni kweli; lakini mazoea ya vidole ni yale yale popote. Kwa hiyo ingiza mkono ndani ya nyungu, mahali ambapo hakuna aliyepamba. Papasa kama kuna migongo ya kamba za udongo zilizozungushwa, au kama kuta zimevutwa kutoka bonge moja. Tazama kitako: kilianza, au kilizibwa mwisho? Fuata mikwaruzo ya kulainishia, inaelekea upande gani, na vidole viliachia wapi chini ya shingo. Penye pengo ukingoni tazama udongo wenyewe: vigae vilivyosagwa, mchanga, au chembe za ulanga zinazometameta. Mlio, ambao pale sokoni ulikuwa hoja kuu, hukuambia uzima wa chombo tu.

Pingamizi zito ni hili: Maniema ya enzi ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ilikuwa nchi ya watu waliohamishwa kwa nguvu. Mwanamke aliyetekwa aliweza kuishia mji wa Kasongo, akafinyanga huko kwa mkono wa kwao. Naikubali hoja hiyo, na ndiyo inayoonyesha dalili za ndani zina thamani gani: zinamtaja aliyemfundisha mfinyanzi, wala si lazima zitaje mahali alipoketi. Nyungu yenye udongo wa mahali pamoja na ufundi wa pengine ni ushahidi adimu, na anayeidharau kwa kuwa "haieleweki" anatupa kilicho bora.

Wengine husema bila sahihi hakuna jina. Mfinyanzi Ladi Kwali wa Nigeria anawajibu: mitungi yake ilikuwa tayari imethaminiwa katika nyumba ya Emir wa Abuja kabla hajaingia kwenye karakana ya mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew mwaka 1954. Lakini mkono wa mtu mmoja hautambulikani kwa chombo kimoja. Unahitaji kadhaa vya kulinganisha. Orodha ya vyombo vya udongo ya Coart na de Haulleville, iliyotolewa mwaka 1907 kwa makusanyo ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, inasaidia kidogo, ingawa mengi ya makusanyo ya aina hiyo yalipitia mikononi mwa maofisa, na ofisa huandika kituo chake kwa urahisi kuliko kijiji cha mfinyanzi.

Masizi nayo yachunguzwe. Ya jikoni hushika kitako na mbavu kwa kufifia, yakazama. Ya muuzaji mjanja hukaa juu juu, hata mikunjoni ambako moto haufiki, na hutoka kwa kitambaa chenye maji. Kwenye kadi andika mistari mitatu tofauti: iliponunuliwa, udongo wake, ufundi wake. Mstari wa jina uache mtupu mpaka ipatikane nyungu ya pili.