Soda ya Baridi kwa Dakika Moja: Jinsi ya Kuitambua Mashine Nzuri

"Ya baridi au ya moto?" Mhudumu wa Tanzania huuliza hivyo ukiagiza soda, na anayejibu "ya moto" hataki iliyochemshwa, anataka iliyotoka kwenye kreti. Mashine ninazozizungumzia hapa zimebuniwa ili kuitoa soda kwenye hali ya kreti na kuifikisha kwenye ubaridi mteja akiwa bado amesimama kaunta, kopo mojamoja. Nyingi zinaahidi dakika moja. Chache zinaitimiza ahadi hiyo, na tofauti yake inaonekana ukijua pa kutazama.

Kabla hujaigusa mashine, piga hesabu. Soda ya mililita 330 iliyo kwenye nyuzi 30, ili ifike nyuzi 5, lazima iachie joto la kilojuli 35 hivi. Kulitoa joto hilo kwa dakika moja kunahitaji nguvu ya kupoza ya karibu wati 600, na friji ya kawaida ya nyumbani haifiki hata nusu yake. Kwa hiyo mashine ya kweli haitegemei kompresa peke yake. Hujiwekea akiba ya baridi mapema, na akiba bora ni barafu: gramu moja ikiyeyuka hunyonya juli 334, hivyo gramu 105 zinalitosha kopo moja. Hesabu hiyohiyo inakimaliza kile kisahani kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta. Ndani yake mna kibamba kinachotumia kanuni aliyoigundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834, kanuni nzuri kabisa, lakini kwa wati mbili tatu za umeme hakiwezi kuipoza soda ya moto hata ukikiachia mchana kutwa. Kitachelewesha tu iliyokwisha kupoa isipate joto upesi.

Jambo la pili ni njia ambayo joto linapitia. Wengi huamini kwamba friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri lazima ipoze haraka kuliko beseni la maji ya barafu yenye nyuzi sifuri. Sivyo. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, nayo hulikumbatia kopo pande zote. Hata barafu tupu bila maji huacha mianya ya hewa kati ya vipande. Muuza soda anayemwagia maji barafu yake anajua anachofanya. Alumini ya kopo haileti shida, joto hupita upesi. Kioo cha chupa huchelewesha, na plastiki huchelewesha zaidi, kwa hiyo mashine inayodai muda mmoja kwa vyote vitatu inakudanganya.

Lakini uhodari wa mhandisi uko ndani ya kopo, mahali usipoona. Soda iliyotulia hupoa kandokando huku katikati ikibaki vuguvugu. Lazima izunguke. Mashine ya Kimarekani iitwayo Cooper Cooler hulaza kopo, hulizungusha, na kulimwagia maji ya barafu yanayosukumwa na pampu. Njia rahisi na nzuri. Hapa angalia mwendo kwa makini. Kopo likizungushwa kasi moja tu, tena kwa nguvu, kinywaji huishia kuzunguka pamoja nalo kama kitu kigumu na hakichanganyiki tena. Waingereza wa Enviro-Cool, waliobuni V-Tex, walilifanyia kazi hilohilo: kinywaji kinazungushwa hadi kijenge kizingia, kisha mwendo unasimamishwa kizingia kibomoke na baridi ichanganyike, halafu unaanza tena. Ukisikia mashine inapumzika na kuanza upya, usidhani ina hitilafu.

Na povu? Kuzungusha si kutikisa. Kopo linaloviringika taratibu juu ya mhimili wake halifoki likifunguliwa. Likifoka, kosa ni la mashine, usilitupie kopo.

Baadhi ya watengenezaji huongeza chumvi ili maji yashuke chini ya sifuri. Sipendi. Bia huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, na ganda jembamba la barafu likishajijenga ndani ya kopo, ndilo linalozuia joto kutoka. Chumvi hiyohiyo huila pampu.

Kwa aiskrimu mambo ni kinyume, kwani kuganda ndiko kunakotakiwa, na upesi. ColdSnap ya Marekani hugandisha kikombe kimoja kutoka kwenye kopo dogo kwa dakika mbili hivi. Ijaribu kwa ulimi: ikiganda upesi huku ikikorogwa, chembe za barafu hubaki ndogo na aiskrimu huwa laini. Ukihisi mchanga mdomoni, mashine imechelewa.

Usafi nauweka juu ya kasi. Maji yanayorudiwa kopo baada ya kopo hugusa palepale mdomo wa mnywaji unapokwenda. Pitisha kidole kwenye kona za beseni. Ukikuta utelezi, ondoka. Tanki lisilofunguka likaoshwa kwa mkono halifai, hata lingepoza kwa sekunde kumi.

Tazama pia kibandiko cha gesi ya kupozea. Katika miaka ya 1990, Joseph Company ya Marekani ilibuni kopo linalojipoza kwa kuachia hewani HFC-134a, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Ililaumiwa, na baadaye ikahamia kwenye kaboni dioksidi. Gesi za jamii hiyo ndizo mataifa yalizokubaliana kuzipunguza mjini Kigali, Oktoba 2016. Chagua mashine inayotumia R600a au R290, gesi zisizo za jamii hiyo.

Ukienda kununua, beba kipimajoto na soda kumi za moto. Usiridhike na kopo kuwa baridi mkononi. Mimina kwenye glasi, koroga, pima. Kisha ngoja hadi la kumi. Likichukua muda uleule wa la kwanza, lipa.