Mzungu wa Mti

Ukitaka kujua Mmakonde alivyomsema mkoloni, kitazame kinyago kwanza, ndipo usikilize wimbo. Fundi kachagua mti mwepesi, kauchimba ndani hadi ukamwenea mchezaji kichwani. Pua kaichonga nyembamba, uso kaupaka weupe, juu kaweka kofia ngumu ya bwana shauri. Hata mtoto anamjua huyo ni nani kabla ngoma haijalia.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, ngoma hii ya vinyago wanaiita mapiko; huku Newala ni midimu. Mchezaji wa mapiko huchungulia kupitia mdomo wa kinyago. Anatikisa mabega, ngoma zinamfuata. Akikata, nazo zinakata papo hapo, uwanja ukawa kimya, naye kasimama kama kigogo. Mara anachomoka tena.

Ufundi ninaouheshimu uko hapo kwenye mwendo. Kumwimba mtu kwa rangi yake ni kazi nyepesi. Neno la rangi hupasha moyo haraka, na aliyekwisha pashwa hachagui wa kumpiga. Mchezaji huyu haishii kwenye pua. Anatembea kifua mbele, ananyoosha kidole, anadai kodi. Watu wanaangua kicheko, na kinachochekwa ni ubwana.

Wamakonde walikuwa na kila sababu ya kuchukia ngozi. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno, watawala wa Msumbiji, waliwamiminia risasi watu waliokusanyika Mueda, kwenye nchi ya Wamakonde. Vita vya ukombozi vilianza mwaka 1964, na viongozi wa FRELIMO, chama kilichoviongoza, waliwasisitizia wapiganaji kwamba adui ni ukoloni, si Mzungu. Si wote waliokubali. Mwaka 1968 wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO iliyokuwa Dar es Salaam, waliwakataa walimu wao weupe. Kiswahili nacho kilisaidia kuutenga ukoloni na rangi: neno mkoloni halina rangi, ndiyo maana tunaweza kusema "wakoloni weusi" na kila mtu akaelewa.

Lakini tusijisifu mno. Jina Mmawia, tulilowapachika Wamakonde wa Msumbiji, ndugu zetu wa damu, lilikuwa la kuwadharau, na halikuhitaji rangi kuumiza.

Kwa hiyo nawaomba mnaotunga leo Masasi na Newala: mkitaka kumwimba mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo anayemnyonya mkulima wa korosho kwa kipimo kisicho rasmi, tuonyesheni kipimo chake na mkono wake unavyokijaza. Kabila lake liacheni nje ya wimbo.