Kisu Kilichogoma Kunoleka

Kwa wiki tatu kisu changu kiliponda nyanya badala ya kuikata. Nilikuwa nimenunua kinoo cha kijivu cha pande mbili, kile cha duka la vifaa vya ujenzi, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, na kila jioni nilisugua kwa bidii ya mtu anayekuna nazi za pilau ya harusi. Makali hayakuja. Nikalilaumu jiwe.

Jiwe halikuwa na kosa. Vinoo vingi vya namna hii vimetengenezwa kwa silikoni kabaidi, kitu ambacho Mmarekani Edward Acheson alikipata mwaka 1891 alipochoma udongo na makaa ya koki kwa umeme. Ni kigumu kuliko chuma cha kisu chochote cha jikoni. Hata ukingo wa chini wa kikombe cha udongo, ule usiopakwa rangi, ambao mama zetu wameutumia miaka yote, unamega chuma bila shida.

Kilichonifichulia kosa ni makapeni. Nilipaka wino mweusi kwenye mteremko wote wa makali, nikasugua mara nne, nikatazama. Wino ulikuwa umefutika juu, pale mteremko unapoanzia. Ukingoni kabisa ulibaki mweusi tii. Kumbe wiki zote hizo nilikuwa nang'arisha bega la kisu, wala ukingo wenyewe haukuwahi kugusa jiwe. Nilikilaza mno.

Hapo hesabu inasaidia. Visu vya Kijapani kwa kawaida hunolewa kwa digrii 15 hivi kila upande, vya Ulaya karibu 20. Kwa bapa lenye upana wa milimita 45, digrii 15 maana yake ni mgongo wa kisu kuinuka milimita 12 kutoka kwenye jiwe. Digrii 20 ni milimita 15, kama upana wa kidole. Mimi nilikuwa chini ya 10. Kifundo cha mkono hukazwa, mwendo ukatoka begani, na kisu kikifika kwenye mzingo wa ncha, mpini huinuliwa kidogo.

Lakini pembe peke yake haimalizi kazi. Swali linalomshinda mwanafunzi ni hili: nitajuaje upande huu umetosha? Kuhesabu misuguo hakusaidii. Unaponoa upande mmoja, mteremko wake unasogea hadi ukutane na wa pili. Ikikutana, chuma cha pale ukingoni kinakuwa chembamba mno kujishikilia, kinajikunja kuelekea upande usionolewa. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake, na utahisi uzi unaokwaruza. Usipouhisi kuanzia kwenye mpini hadi nchani, hujamaliza, hata kama umesugua saa nzima. Ukiuhisi, geuza kisu, ulete uzi upande wa pili. Ndipo unahamia upande laini wa jiwe, si kabla. Mimi nilikuwa nikihamia nikichoka.

Uzi huo nao lazima uondoke. Ukiachwa, kisu kitakata vizuri leo jioni, kisha kesho uzi utalala na utadhani chuma ni kibovu. Punguza nguvu hadi ubaki uzito wa kisu chenyewe, badilisha upande kila msuguo mmoja, halafu malizia kwa kukiburuta kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Kisha kitazame chini ya taa: mahali butu hurudisha mwanga kama mstari mweupe, makali ya kweli hayang'ai.

Wapo watakaosema mnoa visu wa baiskeli anamaliza yote hayo kwa dakika mbili. Kwa panga, mimi mwenyewe humpelekea. Lakini zile cheche zinazoruka kwenye gurudumu lake la kunolea ni joto, na ukingo mwembamba ukigeuka bluu umeshapoteza ugumu wake. Utakuwa butu upesi hata ukinolewa vipi, mpaka sehemu hiyo isagwe iishe. Kwenye jiwe lenye maji na mkono wa polepole, hilo halitokei.

Kwa hiyo kama kisu chako kimegoma, usikimbilie kununua jiwe jingine. Tafuta kwanza makapeni nyeusi.