Mvinyo Mkavu wa Dodoma na Tufaha Nisilolijua

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Katika muswada wa riwaya ninayoiandika, mhusika wangu anakunywa mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma, nami nikaandika kwamba una ladha ya tufaha la kijani. Nilimsomea baba, ambaye analima zabibu Hombolo. Akaniuliza, "Tufaha hilo wewe umelila wapi?" Nikakosa jibu. Maneno yale nilikuwa nimeyaokota kwa Wazungu.

Basi nikanunua chupa, nikaionja kama mhakiki. Kwanza jina. Eti kinywaji kikavu! Maana yake ni kwamba hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu. Wengi wetu tuliozoea soda tukionja tunakunja uso na kusema umechacha. Haujachacha. Una uchachu, na hivyo ni vitu viwili.

Zabibu yake inaitwa Chenin Blanc, asili yake bonde la mto Loire, Ufaransa. Kule baridi huulaza mzabibu, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mkulima ndiye anayeuamrisha mzabibu kwa mkasi: anapogoa, unachipua upya, na mavuno huja mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena kwenye Agosti na Septemba. Mji uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Jua kali hupunguza uchachu wa zabibu. Bahati nzuri Chenin ni king'ang'anizi, hautoi wote.

Sasa ladha. Niliouonja mimi unaanza na ndimu, linafuata pera ambalo halijaiva, na mwisho unakausha ulimi kama unga wa ubuyu. Kasoro unazo: harufu haikai, na chupa ikipata joto unabaki ukali mtupu. Lakini ule mwisho wa ubuyu naujua tangu utotoni.

Hapa ndipo ninapogombana na sisi waandishi vijana. Zabibu nyekundu ya kule imepewa jina la Makutupora, na kila mtu anajua inatoka wapi. Nyeupe tunaisifu kwa matunda ya wenzetu, halafu tunalalamika wakiiita nakala ya Ufaransa. Hivi kosa ni la mvinyo au la kalamu? Mzee anapogoa mara mbili kwa mwaka, na mimi mwanawe namwandikia tufaha!

Nimeifuta sentensi ile, nikaandika ubuyu. Nikamsomea tena. Akatikisa kichwa, akasema, "Hapo sawa. Sasa mkasi mbona hujauandika?"

Ndio ninaouandika sasa.