Kalamu Nyekundu ya Rongo

Kijana mmoja wa Homa Bay, mhasibu wa sacco, alifika Rongo na alama 435 za jaribio lake la kwanza la GMAT, na dawa alikuwa ameshajiandikia mwenyewe: atafanya maswali elfu moja zaidi. Madam alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia afunge kompyuta na atoe karatasi alizokuwa akifanyia hesabu. Kijana hakuwa nazo. Alizitupa.

"Basi hatuna cha kusoma leo," Madam akasema, akamtengea chai.

Madam ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na kwa miaka mingi ameitwa kusahihisha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Jumamosi jioni huwapokea watu wazima wachache wanaoutaka GMAT, mtihani ambao shule nyingi za biashara za ng'ambo huutumia kuchuja waombaji. Wengine hupanda matatu kutoka Migori mjini, wengine hutoka Homa Bay wakipitia Rodi Kopany. Hesabu anazijua, lakini wanaojua hesabu ni wengi. Kilichonikalisha pembeni mwa meza yake ni jinsi anavyosoma makosa ya mtu mwingine bila haraka na bila kumkejeli.

Usomaji huo ameutoa kwenye karatasi za KCSE. Karatasi ya hisabati, 121/1 au 121/2, ina alama 100 kwa saa mbili na nusu, na msahihishaji hatazami jibu la mwisho tu. Kuna M ya njia na kuna A ya usahihi. Mtahiniwa akikosea kujumlisha mwishoni hupoteza A yake, lakini M inabaki. Ukisahihisha hivyo miaka nenda miaka rudi, jicho huzoea kutafuta mstari ambapo mambo yaliharibika. GMAT haina huruma hiyo. Katika toleo la sasa, lililoanza mwishoni mwa 2023, kuna maswali 64 katika sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na alama hutoka kati ya 205 na 805. Kompyuta haioni njia yako. Inaona kitufe ulichobofya, basi.

Hapo ndipo Madam anapofanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Anawalazimisha wanafunzi wake waandike njia yote kwenye karatasi, kana kwamba wasahihishaji wa KCSE wataipitia, kisha anaisahihisha kwa kalamu nyekundu, M kwa M, A kwa A. Mtihani hautoi alama hizo. Anazitoa yeye, ili ajue ni ipi iliyoanguka.

Chukua swali hili alilolitunga mwenyewe, la aina ile isiyotaka jibu bali inauliza kama maelezo yanatosha kulipata. Mama mmoja wa Mbita aliuza gunia la omena. Alipata faida ya asilimia ngapi? Maelezo ya kwanza: aliliuza kwa shilingi 1,200 zaidi ya bei aliyonunulia. Maelezo ya pili: bei ya kununulia ilikuwa mara nne ya faida. Mhasibu wetu akatumia yote mawili. Alipata bei ya kununulia shilingi 4,800, akagawanya, akafika asilimia 25, akajibu kwamba maelezo yote mawili yanahitajika. Hesabu yake haina doa. Madam akampa M, akampa A, kisha akachora duara kubwa kuzunguka zile 1,200 na kumuuliza zilimsaidia nini. Kimya. Faida ikiwa robo ya bei ya kununulia, ni asilimia 25, gunia liwe la elfu mbili au elfu kumi. Maelezo ya pili yanatosha peke yake. Uhasibu wake mwenyewe ndio uliomponza: amezoea kutoridhika hadi shilingi zionekane.

Kosa hilo liliingia kwenye daftari la safu nne: swali, nilichofanya, kilichonipotosha, muda. Madam hakubali mtu aandike "uzembe" kwenye safu ya tatu. Anasema hilo ni jina la kufichia kitu. Uliisoma "angalau" kama "zaidi ya"? Andika hivyo. Na swali ulilopata kwa kubahatisha nalo linaingia daftarini, kwa wino uleule. Wanafunzi wengi hulipinga hili, na mimi nadhani ndilo jambo la busara kuliko yote afanyayo, kwa sababu bahati ndiyo humfanya mtu aamini alama ambayo hataiona tena siku ya mtihani.

Majaribio rasmi ya bure ni mawili tu, hivyo Madam huwanyima watu lile la pili kwa wiki kadhaa, hadi makosa yale yale yaache kurudi daftarini. Wanaomkimbia hukimbia hapa. Katika wiki hizo huwafundisha wanaobaki jambo ambalo, kama mwalimu wa sekondari, lazima linamuuma: kuacha. Darasani anasisitiza kila swali lipiganiwe. Katika GMAT, sehemu ya hesabu ina maswali 21, yaani dakika mbili na kidogo kwa kila moja, na huwezi kuruka. Inabidi uchague jibu, uweke alama ya kurudi, uendelee. Mwishoni mwa sehemu, muda ukibaki, unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu, si zaidi. Ili kuwazoesha, simu ya Madam inalia mezani kila baada ya dakika mbili. Nimeona mtu mzima mwenye familia akiishikilia kalamu kama anayenyang'anywa.

Jaribio la pili la mhasibu lilitoka 545. Alimpelekea Madam picha ya skrini usiku huohuo. Jibu lilikuja asubuhi: aje Jumamosi na karatasi zote, na aanze na maswali aliyoyapata.